Gramu Nne Katika Mishale Sita

Kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kwa upole wangu. Watu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema Mama Paskazia alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na mtu. Nilikuwa nimekaa mbele na kitenge changu kipya, nikawa najiuliza wanamzungumzia nani. Miaka yote niliyokaa katika karakana ya kituo chetu cha watu wenye ulemavu hapa Bukoba nimegombana na mafundi, watunza stoo, mtu wa dawa na mratibu mmoja wa michezo, na kama kuna kazi niliyoifanya vizuri, basi ni hiyo. Sasa ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike kumbukumbu. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara wa fundi mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya uzito wa vitu, hasa mishale, kwa kuwa siku ile ya kuniaga hakuna hata mmoja aliyetaja mishale.

Nilifika kazini nikitoka kwetu Kagoma, Muleba, nikiwa na cheti cha useremala ndani ya bahasha. Mlinzi wa getini hakukifungua. Aliniangalia mara moja akanielekeza jikoni. Nikaenda jikoni, nikawaeleza wapishi, wakacheka, mmoja wao akanipeleka karakana. Mkuu wa karakana alikuwa Ta Projestus. Kwetu mwanaume wa heshima tunamwita Ta, na huyu alistahili, ingawa hakuwa na maneno matamu. Alikisoma cheti changu chote, hata muhuri, kisha akanipa mbao na kuniambia nitengeneze jozi ya magongo kwa mgonjwa aliyevunjika nyonga.

Niliyatengeneza kwa siku mbili. Niliyapiga msasa mpaka yakang'aa. Ta Projestus hakuuangalia mng'ao. Alichukua mti mmoja mnyoofu, akautundika darini kwa kamba iliyofungwa katikati yake, akaning'iniza gongo moja huku na jingine kule. Upande mmoja ukashuka.

"Umetengeneza gongo moja, halafu ukatengeneza gongo jingine," alisema. "Mgonjwa ameomba jozi."

Nikamwambia tofauti ni ndogo. Akanipa yote mawili, akaniamuru nitembee nayo hadi getini na kurudi, mara kumi, mguu mmoja ukiwa juu. Yule mlinzi aliyenipeleka jikoni alinitazama safari zote. Safari ya sita bega langu la kulia lilianza kulalamika, ya nane nikasimama. Nilirudi nikamkuta Ta Projestus anakunywa chai. Nikachukua randa nikaanza upya, na hasira yangu ya siku ile ndiyo iliyonifundisha kupima.

Miaka mingi baadaye mtaalamu wetu wa mazoezi alileta upinde. Alisema kuvuta upinde kunaimarisha mabega na kiwiliwili cha mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, na kwamba wapo watu wenye ulemavu wanaoshindana duniani kote. Wafadhili walitupa pinde laini kumi na mishale yake. Pinde zilidumu. Mishale haikumaliza msimu. Mingine ilivunjika, mingine ilipotelea kwenye mashamba ya kahawa nyuma ya uwanja. Nikaitwa ofisini.

"Mama Paskazia, tutengenezee mingine. Si ni vijiti tu?"

Nilitengeneza vijiti tu. Urefu mmoja, rangi moja, manyoya ya bata mzinga nyuma, vichwa vya chuma mbele. Vilipendeza sana. Uwanjani kila kimoja kilikwenda kwake. Wapigaji walijilaumu, mmoja akasema mikono yake haifai. Ta Projestus alikuwa anakaribia kustaafu, akaja kutazama.

"Umevipima?" akaniuliza.

"Nimevipima urefu."

Akaondoka. Niliona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimerudia kosa la magongo.

Niwaeleze basi, ili asije mtu akasema hakuambiwa. Upinde uleule, ukivutwa na mkono uleule hadi kidevuni, unatoa nguvu ileile. Mshale mwepesi utaondoka kwa kasi na kufika juu. Mshale mzito utaondoka polepole, nao utakuwa umeshuka zaidi kabla ya kufika. Kwa pinde zetu laini, mita thelathini, gramu moja ilisogeza mshale karibu upana wa kiganja. Mpigaji hajakosea kitu hapo. Lakini anayetazama haoni gramu. Anaona mishale imetawanyika, kisha anamgeukia aliyepiga, na kama aliyepiga ana ulemavu, basi jibu limeshapatikana.

Nilitumia mbao za msonobari zilizokauka vizuri, nikizipasua kufuata nyuzi za mti, maana kijiti kilichokatwa kinyume cha nyuzi kinaweza kuvunjikia mkononi mwa mtu. Kila kijiti nilikigonga kwa nyundo kipite kwenye tundu la bamba la chuma, tundu pana kwanza, halafu jembamba, mpaka kikawa mviringo. Nikakinyoosha juu ya jiko la mkaa. Vijiti sitini vikishalingana urefu na unene, uzito bado haulingani. Kimoja kimetoka karibu na kiini cha mti, kingine pembeni. Nikivipanga kutoka chepesi hadi kizito, katikati napata nane au tisa vinavyoendana, na tofauti ndogo iliyobaki naiondoa kwa kupiga tupa kichwa cha chuma. Vingine vinasubiri wenzao. Mtunza stoo aliwahi kuniandikia barua akitaka kujua kwa nini natumia vijiti sitini kutoa mishale minane. Nilimjibu kwa mdomo, na jibu lenyewe halikufaa kuandikwa.

Mizani nayo ilikuwa vita. Mti wa Ta Projestus ulitosha kwa magongo, si kwa gramu. Nilikwenda kwa mtu wa dawa wa kituo nikiwa na vijiti vyangu vimefungwa kwa gazeti. Akanijibu, "Hii ni mizani ya dawa, mama, si ya kuni." Kuni. Mpaka leo nikimkuta sokoni namsalimia kwa kifupi. Aliyenisaidia ni mwalimu wa kemia wa shule jirani, aliyeniruhusu kutumia mizani ya maabara yake saa ya chakula. Huko ndiko nilikogundua kwamba mvua zetu za Bukoba zinaingia hadi ndani ya mshale: kundi nililolipima kiangazi, masika likawa halilingani tena, kwa sababu mingine imekunywa maji kuliko mingine. Tangu hapo kila kijiti nilikipaka vanishi mara tatu, hata ncha zake, na kila baada ya mvua kubwa nilipima upya.

Ndipo akaja Mafuru. Hakuwa Mhaya, alikuwa mmoja wa wavuvi wanaotoka ng'ambo ya ziwa kuvua katika visiwa vya Muleba. Siku moja walikuwa wanavuta mtumbwi mzito nchi kavu, ukateleza ukambana mgongo, miguu yake haikuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alipanga chumba Kashai, hapa mjini, akajifunza kutengeneza simu, na siku za mazoezi alikuja na bodaboda mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba kiti chake. Mwanzoni aliniita Mama. Aliposikia wenzake wananiita Ma Paska, kwa heshima ya Kihaya, naye akaanza.

Wiki yake ya pili alinirudishia mshale mmoja.

"Ma Paska, huu si wa kundi hili."

Niliupeleka kwenye mizani. Ulizidi wenzake kwa gramu moja na nusu. Vanishi ilikuwa imebanduka upande mmoja na maji yameingia. Nikamuuliza amejuaje.

"Nimefunga vizito vya nyavu miaka kumi na mbili," alisema. "Visipolingana, wavu unalala upande mmoja na samaki wanapita upande wa pili. Ukishalala na njaa kwa sababu hiyo, kiganja kinajifunza."

Kuanzia siku ile hakuna mishale iliyotoka karakana bila kupita mikononi mwake. Mizani ya shule ilikuwa inathibitisha tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kamati ya michezo iliandaa shindano la kumchagua mpigaji mmoja wa kwenda mashindano ya taifa. Wanaume na wanawake wa viti vya magurudumu walipiga pamoja kwa kuwa walikuwa wachache. Wawili ndio waliotarajiwa: Mafuru, na Jovitha, mama mmoja kutoka Ijumbi mwenye shamba la migomba na kahawa, aliyeugua polio utotoni. Mratibu wa kamati, kijana mgeni katika mkoa wetu, alifika siku moja kabla akiwa na katoni la mishale ya aluminiamu, yote ya buluu, yenye mstari wa njano na jina la mfadhili. Akatangaza kwamba kila mmoja atatumia hiyo, kwa ajili ya usawa. Mishale yangu ikapigwa marufuku. Aliiita ya kienyeji.

Nilishika miwili ya buluu, mmoja kila mkono, nikamwambia haiendani.

"Mama, hii imetoka nje ya nchi," alisema.

"Inawezekana. Lakini haikutoka pamoja."

Akacheka kama mtu anayempuuza mzee kwa adabu. Nilikwaruza rangi kidogo kwa ukucha, chini yake nikaona rangi nyingine. Ilikuwa mishale iliyookotwa huku na kule, mabomba mengine manene, mengine membamba, kisha ikapakwa rangi moja ili ipendeze kwenye picha. Nikasema. Hakuna aliyesikiliza.

Kesho yake, Jumamosi, kila mpigaji alipewa mishale sita na akapiga kwa hiyohiyo mpaka mwisho. Nilisimama nyuma ya Mafuru. Alivuta vizuri, akaachia vizuri. Mishale ikajipanga kwenye shabaha kutoka juu hadi chini kama vifungo vya shati. Raundi baada ya raundi, vifungo vya shati. Mtu ambaye mgongo wake unayumba hatawanyi hivyo. Mishale yake ingekwenda kushoto na kulia pia. Hii ilinyooka. Kila mwenye macho angeona.

Jovitha alishinda kwa mbali. Mratibu akachukua kipaza sauti.

"Tumpigie makofi ndugu yetu Mafuru kwa ujasiri wake," alisema. "Amejitahidi, lakini mgongo wake umefika mwisho wa uwezo. Tumwonee huruma."

Watu wakapiga makofi. Mafuru akauweka upinde mapajani, akatazama chini. Ningeweza kuvumilia kusikia kwamba ameshindwa. Nilichoshindwa kuvumilia ni kumsikia mtu mzima anahurumiwa mbele ya umati kwa kosa la bomba la aluminiamu.

Nilichomoa mishale yake sita kwenye shabaha, nikapanda bodaboda. Mwalimu wa kemia nilimkuta nyumbani kwake kwenye nyumba za shule anafua. Aliponiona usoni alikausha mikono akachukua funguo. Tukapima mmoja mmoja. Kati ya mwepesi kuliko yote na mzito kuliko yote palikuwa na karibu gramu nne. Nikaandika uzito juu ya kila mshale kwa penseli, nikarudi uwanjani. Wakubwa walikuwa bado wanakula ndizi na samaki.

"Umechoka?" nikamuuliza Mafuru.

"Nimeambiwa mgongo ndio umechoka. Mimi mwenyewe bado."

Nikamsogeza mstarini. Nikatangaza kwa sauti, ili meza yote isikie, kwamba nitasema mshale utakakoenda kabla haujapigwa. Nikampa mwepesi. "Juu," nikasema. Ukaenda juu. Nikampa mzito. "Chini." Ukaenda chini. Wa tatu nikasema katikati, ukaingia katikati. Kufikia wa sita watu walikuwa wameacha kula. Yote sita ilitii penseli yangu, na yote ilikuwa kwenye mstari mmoja, bila kukengeuka kushoto wala kulia.

Mratibu alifuta mikono kwa kitambaa. "Nimekuelewa, mama. Lakini matokeo tayari nimeshayatuma."

Wiki iliyofuata nikapokea barua ya onyo. Makosa yalikuwa mawili: kuondoka na vifaa bila kibali, na kuandika juu ya mali ya mfadhili. Ninayo hadi leo. Vijana, mkitaka kujua ni kitu gani kilinifanya nipaze sauti kwenye vikao vyote vilivyofuata, si onyo. Ni kwamba barua ilikuwa na kurasa mbili na gramu hazikutajwa hata mara moja.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Siku chache baadaye Jovitha akasukumwa na mwanawe hadi mlangoni pa karakana, mishale yake sita ya buluu imelala mapajani. Alikuwa ameachiwa ya kufanyia mazoezi.

"Waitu, Ma Paska, nipimie na hii," alisema, akitumia neno letu la kusihi kwa heshima.

"Ulishinda, Jovitha. Unapima kwa nini?"

"Nataka kujua nilishindaje."

Tulikwenda kwa mwalimu wa kemia. Mishale ya Jovitha ilipishana kwa chini ya nusu gramu. Aliyegawa alichota kwenye katoni bila kutazama. Jovitha akaangukiwa na kundi, Mafuru akaangukiwa na fujo. Nilimweleza hivyo. Alitoa kahawa ya kutafuna kwenye pochi yake, akanipa punje, naye akatafuna taratibu.

"Ukinyamaza, unakwenda," nikamwambia. Nilikuwa namjaribu, nakiri.

"Nikienda hivi, kila nitakapovuta upinde nitakuwa nawaza hizi gramu. Sitapiga vizuri. Na Mafuru atabaki na lile neno la mgongo."

Aliandika barua kwa mkono kwamba haendi popote mpaka shindano lirudiwe kwa mishale iliyopimwa. Mratibu alimfuata hadi Ijumbi kumsihi. Mwanawe ndiye aliyenisimulia. Jovitha alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kihaya, na alipoona kijana wa watu anakodoa macho, akasema, "Nimekujibu kwa Kihaya hukuelewa. Sasa nakujibu kwa Kiswahili. Siendi."

Kamati haikuwa na mpigaji mwingine aliyekaribia alama zake. Ikakubali. Nikapewa katoni zima, na hakuna aliyeomba radhi alipokuwa ananipa. Nilipima mishale yote, nikapata makundi mawili ya sita yanayolingana kabisa, na Mafuru akayapitisha mkononi mwake mmoja mmoja, kisha Jovitha akachagua kundi analolitaka. Iliyobaki niliifunga kwa kamba nikaandika: ISITUMIKE PAMOJA.

Siku ya marudio hapakuwa na upepo. Safari hii mishale ya Mafuru haikujipanga kama vifungo. Ilikaa pamoja, imebanana, mpaka mmoja ukachubua rangi ya mwenzake. Mishale ya Jovitha nayo hivyohivyo. Walikwenda sawa hadi raundi ya mwisho. Hapo Mafuru akapiga minne mizuri, na miwili ya mwisho ikakengeuka kulia. Jovitha akashinda kwa alama nne.

Sitawadanganya. Nilitaka Mafuru ashinde. Nilikuwa nimeshajenga kichwani hotuba nzima ya kumsomea mratibu, na sasa haikuwa na kazi. Nilikasirika na upinde, na uwanja, hata na Jovitha kwa muda mfupi, kisha nikaona haya.

Mafuru aliitazama shabaha. Halafu akasukuma magurudumu yake hadi kwa Jovitha, akampa mkono.

"Umenishinda," alisema. "Siku ile hakuna aliyemshinda mwenzake. Leo umenishinda mimi."

"Ulinitisha," Jovitha akamjibu.

Mratibu akaja na karatasi zake. Palikuwa na fomu ya kujaza kwa kila aliyeachwa, na mahali pa kuandika sababu. Safari hii hakutumia kipaza sauti. Aliinama, akaongea kwa upole kweli, nadhani alimaanisha.

"Pole sana, kaka. Mgongo, eh?"

"Mgongo wangu haujafanya kosa lolote," Mafuru alisema. "Mishale miwili ya mwisho niliacha kutazama shabaha, nikamtazama Jovitha. Niliogopa. Mkono ukacheza. Andika hivyo."

"Niandike kwamba uliogopa?"

"Andika Mafuru aliogopa."

Mratibu akanigeukia mimi kana kwamba nitamwokoa. Sikumwokoa. Akaandika. Mafuru akaomba aione karatasi, akaisoma mara mbili bila haraka, mpaka akahakikisha neno mgongo halimo, ndipo akatia sahihi.